Mzigo Unaokuja Ukilala

Sauti ilitoka nyuma ya malundo ya mahindi, kule ambako hakukuwa na mtu.

"Nitue, ndugu."

Winchi alikuwa mlangoni tayari, kofuli mkononi. Nyapara alikuwa amekwisha kupuliza filimbi ya kufunga kazi na wapagazi wote walikuwa wametoka. Winchi alikuwa na hakika kwa sababu wote walipita mbele yake wakimuaga. Sasa huyu katokea wapi? Akafikiri ni utani. Wapagazi wa ghala lile la nafaka walipenda utani wa kijinga, na mara nyingi aliyeandamwa alikuwa yeye.

"Ngoja, nakuja," akajibu kwa kejeli. Akazima taa, akafunga kofuli, akaenda zake.

Hapo ndipo alipokosea, na lilikuwa kosa la mpagazi. Sisi wengine tunasema "nakuja" kutwa nzima bila kumaanisha lolote. Mtu anakupigia simu, unamwambia uko njiani, kumbe bado unatafuta soksi. Ghalani mambo hayakuwa hivyo. Gunia likishakaa kichwani, mbebaji hawezi kulishusha peke yake bila kuhatarisha shingo. Husimama akasema "nitue", na yeyote aliye karibu, hata kama jana mlitukaniana mama, hujibu "nakuja" na huja kweli. Mbebaji akishasikia neno hilo hamwiti mtu mwingine tena. Hubaki amesimama pale pale, shingo imekaza, akimngoja aliyejibu. Kwa hiyo kulisema neno hilo kisha ukaondoka ni jambo ambalo hata walevi wa pale hawakulithubutu.

Winchi aliijua sheria hiyo, ila aliiona ya watu wengine. Jina lenyewe, la mashine ya kuinulia mizigo, alipewa kwa sababu alijitwika mwenyewe na kujitua mwenyewe. Alikuwa na mbinu yake: hupiga goti, huegemeza gunia kwenye lundo, hulitelezesha begani, kisha hulilaza chini taratibu. Aliyesogea kumsaidia alifukuzwa kwa maneno makali. "Kwani mimi nimekatwa mikono?" Hakuna aliyewahi kumsikia akisema nitue. Mke wake alipougua alimuuguza peke yake. Alipofariki, Winchi aliwashukuru jamaa waliotaka kulala kwake kumliwaza, akawafungulia mlango watoke. Binti yake wa pekee alipoolewa mbali, alimwambia asijisumbue na nauli za kuja kumtazama mtu mzima. Binti akatii, na Winchi akabaki akishangaa jinsi alivyotii upesi.

Alikaa chumba kimoja cha uani nyuma ya kibanda cha fundi viatu. Kitanda, meza, jiko dogo, kiti kimoja. Jioni ile alikula, akaosha sahani yake moja, akajilaza. Kichwa kilipogusa mto tu, akahisi kitu kimetua utosini.

Hakikuwa kitu kikubwa. Kilikuwa kama kiganja cha mtu anayekujaribu kama uko macho. Akageuka ubavu, kikageuka naye. Akaketi, kikaondoka. Akacheka peke yake, akasema ni uchovu, akalala tena. Kikarudi, na safari hii kilikuja na harufu ya vumbi la mahindi na gunia la katani, ile harufu anayoibeba mpagazi kwenye nguo, isipokuwa nguo zake za kazi alikuwa amezianika nje.

Baada ya hapo hakupata usingizi wa maana. Mchana alikuwa mzima kama chuma, alibeba kama kawaida, alijitua kama kawaida. Mgongo ukigusa godoro tu, kichwa kinajaa, masikio yanaziba, macho yanasukumwa kutoka ndani. Na kila akilala mzigo ulikuwa umeongezeka kidogo, kana kwamba mtu analijaza gunia kwa kopo.

Akajikaza kisabuni, ikashindikana, akaenda zahanati.

Daktari wa pale alikuwa kijana mpole mwenye kalamu nyingi mfukoni. Akampima presha. Akambonyeza mashavu na paji la uso, akamgeuza shingo huku na huku, akammulika machoni.

"Ukisimama unasikiaje, mzee?"

"Hakuna kitu."

"Ukiinama?"

"Kidogo."

"Na ukilala?"

"Nimetwikwa."

Daktari akatabasamu. "Kichwa kujaa mtu anapolala kuna sababu nyingi. Kuna mafua yaliyoganda humu kwenye mashavu na juu ya pua. Kuna presha, yako imepanda kidogo tu, haitishi. Kuna shingo iliyochoka, na yako, mzee wangu, imestaafu zamani ila hujaiambia. Mara chache huwa ni jambo kubwa ndani ya kichwa. Kwa hiyo ukiamka unatapika, au ukaanza kuona vitu viwili viwili, usingoje, njoo mbio. Kwa sasa inua kichwa cha kitanda, jifukize mvuke, kunywa maji, punguza chumvi, na upumzishe hiyo mizigo."

"Sawa."

"Unaishi na nani?"

"Na mimi mwenyewe."

"Usiku ukizidiwa, nani ataniletea habari?"

"Habari gani? Mimi si mtoto," Winchi akasema, akachukua dawa zake, akatoka.

Ushauri ule ulikuwa mzuri na aliufuata wote, maana hakuwa mpumbavu. Aliweka matofali chini ya miguu ya kitanda upande wa kichwani. Alijifukiza mpaka jasho likamtiririka hadi kiunoni. Chakula kikakosa chumvi. Kisha akajilaza kwenye kitanda chake kilichoinuka, akafumba macho, na mzigo ukaja wote kwa mpigo.

Safari hii haukuja peke yake. Nyuma ya kichwa chake, pale penye ukuta, kulikuwa na pumzi. Ni pumzi aliyoijua vizuri kuliko sauti ya binti yake, ile fupi ya puani, ya mtu aliyesimama muda mrefu chini ya gunia na ambaye akivuta hewa nyingi zaidi magoti yatamkunjika. Akasikia nyayo zikisogea kidogo kwenye saruji, mguu huu, kisha ule, kama afanyavyo mbebaji anayebadilisha uzito huku anangoja. Alitaka kugeuka atazame na shingo ikagoma, alitaka kuketi na mzigo ukamkandamiza kwenye mto mpaka akasikia sufi iliyo ndani ya mto ikilalamika, na ile pumzi ikashuka taratibu, ikainama, ikaja mpaka sikioni pake.

"Ulisema unakuja."

Winchi alijirusha kutoka kitandani, akaangukia meza. Akawasha taa. Chumba kilikuwa kitupu, mlango umefungwa kwa komeo. Katikati ya mto palikuwa na shimo la mviringo, si la kichwa cha mtu aliyelala. Lilikuwa la ngata, ule mviringo wa kitambaa ambao wapagazi huuweka kichwani chini ya mzigo. Alikaa kwenye kiti mpaka kukapambazuka, na alilia kidogo, ingawa asingekubali hilo mbele ya mtu.

Akaanza kulala ameketi. Ilisaidia siku mbili tatu. Halafu kichwa kikiinama tu kwa usingizi, mzigo unaingia. Akajaribu kusinzia amesimama, ameegemea malundo wakati wenzake wanakula. Mtu asiyelala hugeuka mtu mwingine. Akaanza kuyumba na gunia kichwani, na mchana mmoja alipotaka kupiga goti ajitue, goti halikumtii, na gunia likapasuka miguuni kwa nyapara. Wenzake wakatazamana. Zamani wangemcheka, sasa walinyamaza, na kimya kile kilimuuma kuliko kicheko.

Aliyemfuata alikuwa mama mfagiaji, aliyekuwa akikusanya nafaka zilizomwagika. Alikuwa mjane wa mpagazi aliyekuwa mwenzake Winchi zamani, na kwa sababu hiyo walikuwa wakiitana shemeji.

"Shemeji, macho yamekuwa nyanya," akasema huku anafagia. "Umeanza pombe uzeeni?"

"Silali."

"Kwa nini?"

Winchi akatazama huku na huku. "Nikilala natwikwa," akanong'ona.

Ufagio ukasimama. Mama yule hakucheka hata kidogo. "Na nani?"

"Simwoni. Anapumua."

"Astaghfirullah." Akasogea karibu. "Sikiliza. Mtaa wa nyuma ya mashine ya kusaga kuna mganga. Si wa makelele yule, anatibu watu. Nikusindikize?"

"Njia naijua."

"Najua unaijua. Nimeuliza nikusindikize?"

"Hapana, shemeji. Fagia."

Mganga alikuwa mtu mnene mwenye mafua makali. Alimkaribisha Winchi kwenye mkeka, akapenga, akaomba radhi, akapenga tena. Hakuna fuvu wala kibuyu. Kulikuwa na chetezo chenye makaa, birika la chai, na redio iliyokuwa ikisoma matokeo ya mpira, ambayo aliizima kwa huzuni. Akatupa ubani kidogo kwenye makaa, akaweka viganja viwili juu ya kichwa cha Winchi. Mara akaviondoa, akavitazama. Vilikuwa na vumbi jeupe la unga.

"Wewe kazi yako kubeba?"

"Ndiyo."

"Kuna mtu alikuomba umtue ukamwambia unakuja?"

Winchi akakiri. Akasimulia yote, kofuli, taa, kejeli.

"Basi huyo si mtu," mganga akasema kwa sauti ya chini. "Ni jini wa ghala. Wako wanaokaa kwenye maghala, wanabeba na wao, hiyo ndiyo kazi waliyopangiwa. Huyu amebeba peke yake sijui tangu lini, na siku ameomba kwa mara ya kwanza, umemjibu. Kwa hiyo amekuja kukungoja kwako. Anakuwekea mzigo ukilala kwa sababu ukisimama una shingo ngumu, mzigo haukukai."

"Mfukuze."

"Nimfukuze kwa kosa gani? Aliyekosa ni wewe." Akapenga. "Dawa ipo, na ni nyepesi kwa mtu mwingine, ila kwa uso wako huu sijui. Utalala. Atakutwika. Utainuka nao, hivyo hivyo ulivyo mzito, na utasema nitue. Binadamu aliye pembeni yako atanyoosha mikono, mtaushusha pamoja mpaka chini. Ukigusa sakafu, jini amepumzika na wewe umepona."

"Wewe njoo unitue. Nitakulipa."

"Mimi nikishalipwa siwi mtu wako, nakuwa fundi tu. Lazima awe mtu aliyekuja kwa sababu yako." Mganga akainama, na mafua yote yakawa kama yamempotea. "Na nisikilize vizuri. Atataka wewe umwombe yeye. Anangoja hilo neno. Ukilisema hakuna binadamu chumbani, yeye ndiye atakayekutua, na atakutua vizuri sana, ana mikono. Lakini utakuwa umempa nafasi ya mtu, na hataondoka. Usilale kabla mtu wako hajafika. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Una mtu?"

Winchi akasema anao. Njiani akawa anawahesabu na hakuhitaji vidole vingi.

Alimpigia binti yake simu akiwa amesimama kwenye kona ya barabara. Sauti ya binti ilikuwa na furaha, na mtoto alikuwa analia nyuma yake.

"Baba! Kuna nini? Hupigi wewe."

"Nilitaka kukusalimia tu."

"Uko mzima?"

"Kichwa. Kidogo."

"Nije?"

Jibu lilikuwa ulimini. Lilikuwa neno moja, fupi, na alikuwa anakufa kwa kukosa usingizi. Magari yakapita. Binti yake akangoja.

"Usije," Winchi akasema. "Nauli hizo mnunulie mtoto viatu."

"Haya, baba. Ujitunze basi."

Alisimama pale na simu iliyokwisha kukatika bado iko sikioni. Alijichukia, na hasira ile ilimtia nguvu ya kurudi ghalani kumtafuta mama mfagiaji. Akamkuta anafunga ufagio.

"Shemeji, leo ukitoka pitia kwangu."

"Kuna nini? Mganga kasemaje?"

Huyu alikuwa mtu aliyekwisha kujitolea bila kuombwa. Kilichotakiwa ni kumwambia: njoo, bila wewe sifiki kesho. Lakini wapagazi wawili walikuwa wanapita, na mmoja wao alipenda kumwigiza ili wenzake wacheke.

"Aa, mambo madogo," Winchi akasema kwa sauti ya kusikika. "Kuna kitu nataka unishikie mara moja. Ukipata nafasi."

"Nitapita," akasema. "Nipitie sokoni kwanza."

"Hata ukichelewa si kitu."

Sijui wanaume wa aina hii huwa tunawafanyaje.

Alifika chumbani bado kuna mwanga. Mawingu yalikuwa yameshuka, na fundi viatu alikuwa amefunga kibanda mapema akiikimbia mvua. Winchi akafungua komeo ili mgeni asihangaike, akaketi kwenye kiti. Akaimba kidogo, akajifinya mapaja, akasimama, akatembea kutoka mlangoni hadi kitandani na kurudi. Mvua ikaanza. Umeme ukakatika. Akakaa kitandani kwa sababu kiti hakikuonekana vizuri, ndivyo alivyojiambia, akaegemea ukuta kwa sababu mgongo ulikuwa unauma, na mvua juu ya bati ilikuwa na sauti ile moja isiyobadilika, na hakujua ni lini hasa ukuta uligeuka kuwa mto.

Mzigo ukashuka.

Haukuwa gunia moja. Lilikuwa lundo zima, kuanzia gunia la chini hadi lile linalogusa bati, na ulipomwangukia utosini aliona cheche, akasikia meno yake yakisagana na shingo ikilia mahali ambapo shingo haitakiwi kulia. Akakumbuka maneno ya mganga kwamba ainuke, akaweka viganja kwenye godoro, akajisukuma, akainuka mpaka akasimama kwenye giza na miguu wazi kama mpagazi, na damu ilikuwa inamvuma masikioni kiasi kwamba alisikia mvua kwa mbali sana, na alisikia mlango, au alifikiri amesikia mlango, na nyayo zikaingia polepole zikazunguka mbele yake zikasimama.

"Shemeji?" akanong'ona.

Hakuna aliyejibu, ila kulikuwa na mtu. Alimhisi usoni, pumzi ya joto, karibu, yenye subira. Goti moja likaanza kuteleza. Akajua likishateleza kabisa shingo itavunjika na watamkuta asubuhi wamwite mzee aliyeanguka kitandani. Aliogopa kufa peke yake, hofu ambayo alikuwa ameikimbia tangu siku alipomzika mke wake, na ilimtoka mdomoni pamoja na machozi.

"Nitue," akasema. "Nitue, tafadhali, siwezi tena."

Mikono ikaja mara ile ile. Ilikuwa mipana, yenye sugu. Ikaupokea mzigo kutoka utosini kwa ustadi, bila kumwumiza, ikaushusha usawa wa macho, usawa wa kifua, usawa wa magoti, na Winchi akawa ameushika upande wake na mwenzake upande wake, mpaka chini. Sakafu ikatikisika. Vumbi la unga likajaa chumbani, likatulia.

Kichwa kikawa chepesi. Kilikuwa chepesi mpaka akacheka huku analia, na miguu ikamwisha nguvu, na mikono ile ile ikamdaka, ikamlaza, ikamweka mto sawasawa. Hakuna aliyemwekea mto miaka mingi. Winchi akaishika ile mikono gizani akaibana kifuani.

"Asante," akasema. "Mungu akubariki, shemeji. Sikujua ni jambo jepesi hivi."

Mlango ukabishwa.

"Hodi!" Ilikuwa sauti ya mama mfagiaji, nje, kwenye mvua. "Shemeji, hodi! Nisamehe, mvua imenikamata sokoni. Uko ndani? Mbona giza?"

Winchi alifumbua macho. Mikono aliyoikumbatia haikusogea. Akafungua mdomo apige kelele, aseme ingia, mlango hauna komeo, usiniache, akasukuma hewa kwa nguvu zake zote, na hakikutoka hata kikohozi, kwa sababu sauti yake ilikuwa inatumika.

"Nimeshapona, shemeji," sauti ya Winchi ilisema kutoka ukutani, kwa ukali wake ule ule ambao kila mtu ghalani aliujua. "Nenda nyumbani, utalowa."

"Una hakika? Nimekuja kwa ajili yako."

"Sina haja ya mtu."

Kisha mama mfagiaji akaguna, guno la mtu aliyeumia na asiyeshangaa.

"Haya, bwana. Lala salama."

Winchi alizisikia ndala zake zikipiga maji uani, zikifika kwenye lango, zikipotea barabarani. Alizisikiliza mpaka mwisho. Kisha godoro likabonyea taratibu upande wa ukutani, upande ambao hakuna aliyelala tangu mke wake afariki, na blanketi likavutwa.